MBA ya muda wote, ya jioni au ya masafa: saa 1,800 utazitoa wapi?

Mleta mada

Ndugu wadau, salaam.

Swali hili hurudi kila baada ya muda. Mtu ana kazi, ana uzoefu wa miaka mitano au saba, anataka kusoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, na hajui kama aache kazi akasome muda wote, asome jioni na wikendi huku akiendelea na ajira, au ajiandikishe kwa njia ya masafa. Majibu anayopewa hukimbilia ada na jina la chuo. Naomba nianzie mahali pengine, yaani kwenye saa, kwa sababu mimi niliingia katika masomo haya nikiwa nimepiga hesabu ya fedha hadi senti ya mwisho, lakini saa sikuwa nimezihesabu, na ndizo zilizoniangusha.

Tuchukue kipimo kimoja. AMBA, chombo cha Uingereza kinachotoa ithibati kwa programu za MBA, hutaka programu iwe na angalau saa 1,800 za kujifunza, ukijumlisha vipindi, usomaji wa peke yako, kazi za vikundi, mitihani na mradi wa mwisho. Sasa zigawanye mwenyewe. Anayesoma muda wote na kumaliza kwa mwaka mmoja wenye wiki 45 za masomo anatumia saa 40 kwa wiki, yaani ajira kamili. Anayesoma jioni kwa miaka miwili, wiki 90, anatumia saa 20. Anayesoma kwa masafa kwa miaka mitatu, wiki 135, anatumia saa 13 na dakika 20. Mzigo ni ule ule, ila mmoja kaubeba kwa safari moja na mwingine kwa safari tatu.

Linalobaki ni kujua saa hizo unamnyang'anya nani. Wa muda wote anamnyang'anya mwajiri, naye hulipa kwa kukosa mshahara. Wa jioni anainyang'anya familia, na bei yake haiandikwi kwenye fomu yoyote. Wa masafa hudhani hamnyang'anyi mtu, mpaka anapogundua kwamba amekuwa akila usingizi wake mwenyewe tangu muhula wa kwanza.

Nilianza na programu ya jioni. Ratiba ilikuwa siku mbili za katikati ya wiki, saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, pamoja na saa nne za Jumamosi. Nikajumlisha nikapata saa 10, nikajiambia kwamba hizo zinawezekana. Sikujua kwamba kila saa ya darasani ina mwenzake nje ya darasa, na kwamba huyo wa pili hana ratiba. Anakuja anapotaka, na mara nyingi huja usiku.

Nakumbuka usiku mmoja wa muhula wa pili tukiwa watu wanne tumezunguka kompyuta moja kwenye korido, kwa sababu chumba cha kujisomea kilikwisha kufungwa, tukitafuta kwa nini mizania ya kampuni tuliyopewa haikulingana. Upande mmoja ulizidi mwingine kwa 90. Mwenzetu aliyekuwa mhasibu alisema, bila hata kuinua macho, kwamba tofauti inayogawanyika kwa tisa mara nyingi ni tarakimu zilizopinduliwa. Tukarudi mstari kwa mstari, na kweli, mahali pa 450 paliandikwa 540. Aliyeandika nilikuwa mimi. Siku hiyo nilikuwa nimeamka saa kumi alfajiri kwa sababu kazini tulikuwa tunafunga hesabu za mwezi, na nilipofika nyumbani kila mtu alikuwa amelala.

Nilidumu mihula mitatu. Mwajiri akanihamishia kitengo chenye safari nyingi, mahudhurio yakashuka chini ya kiwango ambacho chuo kilikubali, na nikajitoa kabla ya kutolewa. Miaka miwili baadaye nilianza upya kwa masafa katika chuo kingine, ambacho kati ya kozi saba nilizofaulu kilizitambua nne tu, nikamaliza kwa miaka mitatu na nusu. Kwa hiyo nimeziishi njia mbili. Ya tatu, ya muda wote, naijua kupitia wenzangu niliofanya nao kazi na kupitia hesabu.

Nianze na hiyo ya tatu, kwa kuwa ndiyo inayotisha watu. Kinachonunuliwa hapo, kwa maoni yangu, ni mapumziko yanayokubalika katika wasifu wako wa kazi, yanayokuwezesha kuingia ukiwa mhandisi na kutoka ukiwa mtu wa fedha bila mwajiri kukuuliza umechanganyikiwa lini. Mfumo wa Marekani wa miaka miwili, ambao Harvard waliuanza mwaka 1908, una likizo ndefu kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, na wanafunzi huitumia kufanya kazi ya majaribio katika kampuni. Kampuni za ushauri wa biashara na benki za uwekezaji huchukua sehemu kubwa ya watu wao wapya kupitia mlango huo. Ukiwa na nia ya kubadili fani kabisa, likizo hiyo ina thamani kuliko kozi nyingi zitakazokuwa kwenye cheti chako.

Hapo utaona kwamba hata ndani ya muda wote kuna tofauti. INSEAD, shule ya biashara ya Ufaransa, hufundisha MBA yake kwa miezi 10. Ni nafuu kwa maana ya mshahara unaoukosa, lakini anayeingia Agosti hana pumziko la kutosha la kujaribu kazi mpya, wakati anayeingia Januari anapata takribani miezi miwili katikati. Watu huchagua mwezi wa kuanza kwa kuangalia lini wamemaliza akiba, wasijue kwamba wameamua jambo kubwa zaidi.

Sasa fedha, na nitatumia mshahara wako wa mwezi kuwa kipimo ili kila mtu aweke tarakimu zake. Tuseme ada ya mwaka mmoja wa muda wote ni mishahara 14, na unakaa miezi 12 bila kazi. Umetoa mishahara 26. Ukirudi kazini kwa nyongeza ya asilimia 25, kila mwezi unarudisha robo ya mshahara wa zamani, na utahitaji miezi 104, karibu miaka tisa, kufidia ulichotoa. Ukipata kazi inayolipa asilimia 60 zaidi, ni miezi 43 na ushei. Kwa upande wa masafa, tuseme ada ni mishahara 8 na kazi hujaacha. Kwa nyongeza ile ile ya asilimia 25 umefidia kwa miezi 32, na hata ukiambulia asilimia 10 tu ni miezi 80. Maana yake ni kwamba muda wote hauna sababu ya kifedha isipokuwa utakufikisha pahali ambapo njia nyingine zisingekufikisha. Mtu anayekwenda kusoma muda wote ili arudi kwenye meza yake ile ile, kwa bosi yule yule, namshauri alale kwanza juu ya hesabu hiyo siku mbili.

Jioni na wikendi ni njia ya anayepanda ngazi alipo. Unachofundishwa Jumanne unaweza kukitumia Jumatano asubuhi, na wenzako wa darasani wana kazi, kama yule mhasibu wetu. Si njia ya watu waliokosa nafasi. Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha MBA ya mameneja walio kazini mwaka 1943, na vyuo vingi vyenye programu ya mchana na ya jioni hutoa shahada moja kwa wote. Udhaifu wake ni kwamba inategemea vitu vitatu vikae mahali pamoja kwa miaka miwili au zaidi, yaani kazi yako, makazi yako na chuo. Kimoja kikisogea, programu nzima inayumba.

Kuna jambo lingine la jioni ambalo watu hulisaini bila kulisoma. Mwajiri akikulipia ada, mara nyingi hukufunga kwa mkataba kwamba utamtumikia kwa kipindi fulani baada ya kuhitimu, na ukiondoka kabla unarudisha. Soma kipindi hicho kinaanza kuhesabiwa lini: siku ya malipo ya mwisho, siku ya kuhitimu, au siku ya kukabidhiwa cheti. Soma pia kama deni hupungua kadiri unavyotumikia au hubaki zima mpaka siku ya mwisho, na kama litakufuata hata ukipunguzwa kazi. Niliwahi kumwona mtu amepata kazi aliyoiota, akashindwa kuichukua kwa sababu ya miezi mitano iliyosalia. Aliyemwandikia mkataba hakumdanganya. Yote yalikuwa ukurasa wa tatu.

Nimalizie na masafa. Wapo wanaoiona bado ni elimu ya daraja la pili, na zamani walikuwa na hoja. Lakini mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Illinois kilianza kutoa MBA yake kwa njia ya intaneti, na mwaka 2019 kikatangaza kwamba kinaacha kupokea wanafunzi wa MBA ya muda wote ya darasani, kielekeze nguvu kwenye ile ya mtandaoni. Chuo hakifungi darasa lake ili kibaki na bidhaa kinayoionea aibu.

Pamoja na hayo, neno "masafa" linaficha vitu viwili vilivyo mbali sana. Kuna programu unayopewa vitabu na mihadhara iliyorekodiwa, ukaenda kwa mwendo wako, ukafanya mtihani mmoja wenye msimamizi mwisho wa kozi. Na kuna programu yenye vipindi vya mubashara kila wiki, kazi za vikundi na tarehe ambazo hazisogei. Ya kwanza inakupa uhuru na upweke. Ya pili inakupa wenzako, ila wengine wanaamka wewe unapolala. Kikundi changu cha kozi ya mikakati kilikuwa na watu wa mabara matatu, na saa pekee iliyotufaa sote ilikuwa saa tisa na nusu usiku kwangu. Nilihudhuria vikao vyote vinane nikiwa nimevaa shati juu na pajama chini, na nakiri kwamba katika vikao viwili kamera yangu "iliharibika".

Uliza basi, kabla ya kulipa chochote: vipindi vya mubashara ni lazima au hiari, na kwa saa za nchi gani? Mtihani unafanyika wapi na unasimamiwaje? Kikomo cha kumaliza ni miaka mingapi?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nashukuru kwa uzi ulioshiba, lakini naona umelipita kwa haraka suala la mtandao wa watu. Mimi nilisoma muda wote, na nikiulizwa leo nilichobaki nacho, sitataja kozi. Nitataja watu kama thelathini ambao naweza kuwapigia simu usiku wakapokea. Watu hao hawapatikani kwa saa 13 za kutazama video. Hesabu yako ya mishahara 26 haikuwaweka popote.

Mleta mada

Ndugu, hoja yako ni ya kweli, na sikuwaweka kwa sababu sijui kuwapa bei. Naongeza tu kwamba mtandao una thamani pale ulipo. Ukisoma muda wote nchi ya mbali kisha ukarudi kufanya kazi mahali ambapo hakuna hata mmoja wa hao thelathini, watakupokea simu kwa furaha lakini wengi hawataweza kukuajiri. Naye anayesoma jioni, ambaye wenzake wote wanafanya kazi katika mji ule ule, huenda akawa na watu kumi tu, lakini kumi hao anakutana nao kwenye zabuni na usaili. Kwa wa masafa nakubaliana nawe zaidi. Watu niliobaki nao ni wanne, na wote ni wa kile kikundi cha saa tisa na nusu usiku. Kuteseka pamoja kulifanya kazi ambayo mihadhara isingeifanya. Ndiyo maana, kwa anayechagua masafa, ningemsukuma kwenye programu yenye vikundi vya lazima na wiki moja au mbili za kukutana ana kwa ana kama zipo, hata kama zinamsumbua.

Mchangiaji wa pili

Naomba kuuliza kuhusu kutambuliwa kwa cheti. Nimepata programu ya masafa ya nje ya nchi, ada inafaa, na kwenye tovuti yao wameandika kwamba wana ithibati ya kimataifa. Je, hiyo inatosha? Na je, ninaweza kuanza kwa masafa nikiwa nyumbani kisha nikahamia chuoni kwao nisome muda wote mwaka wa pili?

Mleta mada

Dada, maneno "ithibati ya kimataifa" peke yake hayana maana mpaka yatajwe ni ya nani. Vyombo vitatu ndivyo hutajwa zaidi kwa shule za biashara: AACSB ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1916, EQUIS ya Ulaya, na AMBA niliyoitaja juu. AACSB na EQUIS hupima shule nzima, wakati AMBA hupima programu za MBA zenyewe. Usitosheke na nembo iliyobandikwa kwenye tovuti ya chuo. Ingia kwenye tovuti ya chombo chenyewe ulitafute jina la chuo katika orodha yao. Wapo wajanja waliojianzishia hata vyombo vya ithibati.

Kisha kuna hatua ya pili ambayo ithibati haiifuti. Mamlaka inayosimamia elimu ya juu katika nchi utakayofanyia kazi ndiyo yenye neno la mwisho kuhusu kukitambua cheti cha nje, na baadhi ya mamlaka huangalia namna ulivyosoma. Waandikie kabla ya kujiandikisha, utaje jina la programu na kwamba ni ya masafa, na jibu lao ulitunze. Jibu la simu halitakusaidia baada ya miaka mitatu.

Kuhusu kuhama, usilichukulie kuwa ni jambo la kawaida. Vyuo vingi huzichukulia kuwa programu mbili zenye udahili tofauti. Na kuna suala la viza, ambalo huwapita wengi. Viza ya F-1 ya Marekani hutolewa kwa anayesoma muda wote, na ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo imefungamana nayo. Uingereza nako, viza ya kubaki kufanya kazi baada ya kuhitimu hutaka uwe umesoma ukiwa humo kwa viza ya mwanafunzi. Aliyesomea shahada yote kutoka nyumbani anapata shahada ile ile, lakini mlango huo haufunguki kwake. Kama lengo lako lililofichika ni kuhamia nchi nyingine, na si dhambi kuwa nalo, basi swali lako limekwisha kujijibu, na masafa si njia yako.

Mchangiaji wa tatu

Mimi bado sijaamua, na mambo ya nyumbani hayaniruhusu kuanza mwaka huu. Nina matokeo ya mwaka jana ya GMAT, ule mtihani wa kuombea nafasi katika shule za biashara. Je, nikisubiri yataharibika? Pia nilifuata wazo lako la kuhesabu saa. Nilitembea na daftari siku saba, nikaandika kila nusu saa ilikwenda wapi. Nikiondoa kazi, barabara, watoto na kulala, nimebaki na saa 9 kwa wiki, na tatu kati ya hizo ni za Jumapili baada ya chakula cha mchana ambazo, kusema kweli, huwa nasinzia.

Mleta mada

Ndugu, matokeo ya GMAT hudumu miaka mitano, kwa hiyo bado unayo nafasi ya kupumua. Usiyafanye kuwa fimbo ya kujikimbiza.

Daftari lako limenifurahisha kuliko sifa zote za uzi huu. Saa 1,800 kwa saa 9 kwa wiki ni wiki 200, na kwa wiki 45 za masomo kila mwaka hiyo ni karibu miaka minne na nusu. Muda wote hauwezekani kwa saa hizo, na jioni inataka zaidi ya mara mbili ya ulichonacho, kwa hiyo umebaki na masafa, tena ile ya kwenda kwa mwendo wako. Tafuta programu yenye kikomo cha miaka sita au zaidi. Yenye kikomo cha miaka mitano itakuachia akiba ya nusu mwaka tu, ambayo mtoto mmoja akiugua imekwisha. Waulize kwa maandishi kama muhula uliouahirisha unahesabiwa ndani ya kikomo au nje yake, na kama unalipiwa. Na zile saa tatu za Jumapili usizihesabu. Ziondoe, kisha ugawanye tena kwa sita.

Mchangiaji wa tatu

Wiki 300. Nimekuelewa mkuu. Kesho naanza na muda wa barabarani: nitamwomba bosi siku mbili za kufanyia kazi nyumbani, nione zinarudisha saa ngapi kabla sijalipa ada ya maombi popote.